Picha Aliyotangulia Kuiona Shangazi

Nikinusa udi ulioshika kwenye nguo nyeusi, na karibu yake mtu anakaanga njugu, hapo hapo narudi kwenye zanana, lile onyesho la sinema la wanawake peke yao, Jumapili alasiri, Mji Mkongwe, miaka ya hamsini. Mabuibui yamejaa safu hadi safu, kila moja na udi wake, na njugu zinapita kutoka mkono hadi mkono katika vikaratasi vilivyosokotwa. Mwanamume pekee mle ndani alikuwa mwendesha mashine, na hata yeye tulikuwa na shaka naye.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimeshavunja ungo, na kila nitakachokula, nitakachovaa au nitakachokiona sharti kipite kwanza kwa watu wazima. Maembe yalibonyezwa, vitambaa vilivutwa vikaangaliwa kwenye mwanga, na picha za Kihindi zilionwa kwanza na Shangazi Zuhura. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, na neno lake kwa baba lilikuwa mhuri. Akisema picha ina adabu, nakwenda. Akisema "ina mambo," nabaki nyumbani nasikiliza wenzangu wakiimba nyimbo zake dirishani.

Mwaka huo ikaja picha iliyoliza mji mzima. Wanawake walitoka macho mekundu kama wametoka kumenya vitunguu vya harusi. Niliitaka kuliko nguo ya Idi. Jumapili mbili zilikuwa zimeshapita, imebaki moja, kisha inapelekwa Pemba.

Shangazi akaja Jumatatu, baada ya chakula cha mchana, kutoa habari yake. Mimi nilijitia naosha vyombo uani, masikio yote kwao.

"Picha ya nini hiyo, dada?" akauliza baba.

"Ya msichana na posa. Baba yake anamtafutia mume, mtu mzima, ana mali."

Mama akasema, "Wifi, niambie jambo moja tu. Huyo mtoto anatoroka?"

"Hatoroki, wifi. Anakufa."

"Anakufa?" baba akashtuka.

"Kifua."

Baba akashusha pumzi kama mtu aliyepunguziwa bei. "Basi haina ubaya. Kufa, kila mtu anakufa. Aende."

Ningefurahi, lakini mimi nilikuwa nikitumwa sokoni tangu nina miaka saba, na sikumbuki aliyenipunja mara mbili. Pale palikuwa na kitu. Shangazi akisimulia picha, huanza alasiri akamaliza magharibi, na nyimbo zote humo ndani. Hii aliimaliza kwa sentensi tano. Nilizihesabu, nikazihesabu tena, tano. Na mama, ambaye kwa kawaida hunipimia hata upana wa dirisha la kuchungulia, alikubali bila kuvutana. Muuzaji akikubali bei yako ya kwanza, ndugu yangu, igeuze ile bidhaa uitazame tena.

Tena nilijua jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Posa ilikuwa imeletwa kwetu, kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Malindi, rika la baba, kafiwa na mke. Nikaunganisha. Wanataka nikaone yanayompata msichana mkaidi: anakohoa mpaka anakufa. Nikakaribia kusema siendi. Lakini nilifikiri, mtego nikishaujua, njugu zake naweza kuzila.

Nikaenda na Shangazi. Kihindi sikukijua, wala hakikuhitajika. Kwenye picha wageni wamejaa sebuleni, mposaji kashika fimbo, na baba mtu anamuuliza binti yake mbele za watu. Ukumbi mzima njugu zikasimama mikononi. Sisi tumefundishwa kwamba mwari akiulizwa habari ya mume, kimya chake ndiyo ridhaa yake. Akiinamisha kichwa tu, fatiha ya kuifunga posa inasomwa, watu wanapongezana. Yule msichana aliinua kichwa, akasema. Akasema sana.

"Aibu gani hii," akanong'ona mama mmoja nyuma yetu.

"Hebu nyamaza, bibi wee, tusikie," akajibiwa, na wote wawili hawakujua neno hata moja.

Mposaji akaondoka na fimbo yake. Nikangojea kikohozi. Nikangojea mpaka taa zikawashwa, na msichana alikuwa keshatoka mlangoni kwa miguu yake miwili, mzima wa afya.

"Shangazi, mbona hakufa?"

"Atakufa. Mie nlisema anakufa, sikusema lini."

Tukarudi nyumbani tukipatana njiani kifua kilimwanza lini, ili tusije tukagongana mbele ya baba.

Siku kumi baadaye baba aliniita. "Salma."

"Naam, baba."

Akanieleza ya yule bwana wa Malindi, halafu akangojea, muda ule wa adabu, ambao si mrefu.

"Sitaki, baba. Nataka kusoma."

Baba akamtazama mama, akamtazama dada yake. "Huyu kayatoa wapi haya?"

"Kwako," akasema Shangazi. "Wewe lini ulikubali kitu bila kubisha?"

Posa ikarudishwa. Baba hakusema nami mwezi mzima, ila hakunilazimisha.

Miaka mingi nilimshukuru Shangazi peke yake. Nilishakuwa mwalimu, na baba ameshatangulia mbele ya haki, siku Shangazi aliponikatiza: "Mie niliambiwa tu la kusema." Aliyeiona picha kwanza alikuwa mama, Jumapili ya mwanzo kabisa, kamuaga baba kwamba anakwenda maulidini. Swali lile la kutoroka lilikuwa lake na jibu lilikuwa lake. Alichokosa ni mdomo ambao baba angeuamini.

Nikamwendea mama. Yeye pia aliolewa akiwa na miaka kumi na minne, naye aliulizwa kama desturi. Nikamuuliza alijibu nini.

"Nlikuwa natafuta maneno, mwanangu," akasema. "Nilipoyapata, washasoma fatiha."