Mdomo Mpya wa Pili

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta tunamwita Kifutio. Jina hilo alilipata shuleni, kwa kuwa alikuwa hamalizi mchoro bila kufuta nusu yake, na madaftari yake yote yalikuwa yametoboka katikati. Sasa ni mtu mzima mwenye mke na mvi za hapa na pale, anachora picha za vitabu vya watoto kwenye kompyuta, na huko hakuna karatasi ya kutoboka. Lakini jina la utani likishakushika limekushika.

Meza yake ya kazi iko chini ya dirisha linalotazama kibaraza ninachoshonea nguo. Mimi nakanyaga cherehani huku, yeye anatembeza kalamu yake kule, tunapiga soga bila kutazamana. Ndivyo nilivyoijua kazi yake. Hachori picha moja ikaisha. Anachora kwa matabaka, moja juu ya jingine, kama mtu anayepanga karatasi za plastiki zinazoonyesha: chini kabisa kichwa kitupu, juu yake macho, juu yake mdomo, kisha miwani, kisha mtandio. Pembeni mwa kila tabaka kuna alama ndogo ya jicho. Ukiibofya, tabaka linajificha. Ukiibofya tena, linarudi. Kwa hiyo bibi mmoja anatosha kitabu kizima. Ukurasa huu anamwashia mdomo wa kununa, ukurasa ule anauzima na kumwashia wa kucheka, na kichwa ni kile kile.

Nilimwambia kwamba huo ni uvivu uliokwenda shule. Akanijibu, "Hata wewe, fundi, unakata magauni ya mtaa mzima kwa kipande kimoja cha karatasi." Hakukosea, ndiyo maana nilikasirika.

Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni majina. Kila tabaka hupewa jina ili ulitambue, na Kifutio aliyaita ovyo ovyo. Mdomo. Mdomo mpya. Mdomo mpya wa pili. Mke wake anauza kwenye duka la dawa, na hawezi kula akashiba kama kuna chupa imekaa bila lebo. Alimsihi ayape matabaka yake majina yanayoeleweka. Kifutio alijigonga kipaji cha uso kwa kidole. "Yote yamo humu," alisema.

Mama mkwe alikuja kukaa nao baada ya kupasuliwa goti. Kukaa nyumba moja na mama mkwe kunataka adabu yake, na nyumba yenyewe ni vyumba viwili na ukumbi mwembamba. Kifutio alijitahidi, nampa haki yake. Alikohoa kabla ya kuingia ukumbini, hakuonekana na fulana ya ndani, na akimpa maji ya kunywa aliinamisha macho. Mama naye alikuwa mwenye haya kuliko mwari. Meno yake yalikuwa ya bandia, ya juu na ya chini, na siri hiyo aliijua binti yake peke yake. Hata yakiwa mdomoni, akicheka aliufunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Sisi majirani tulidhani ni maringo.

Ikatokea kwamba mhariri wa vitabu anataka kitabu cha darasa la kwanza kuhusu bibi na wajukuu zake, na anataka bibi mwenye uso wa mtu, si uso wa mwanasesere. Kifutio aliona aibu kumwomba mama mkwe mwenyewe, akamtuma mke wake. Mama alikubali kwa sharti kwamba ataendelea kufuma vitambaa vyake akiwa anachorwa. Basi alikaa karibu na dirisha na sindano zake, na kwa mara ya kwanza mkwewe akapata ruhusa ya kumtazama usoni. Wenzake wa kikundi cha kufuma waliambiwa wote kwamba anaingizwa kitabuni. Mimi niliambiwa zaidi ya mara moja.

Asubuhi moja Kifutio alikwenda bafuni akakuta mlango haukufungwa vizuri. Mama mkwe alikuwa ameinama kwenye beseni. Meno yalikuwa ndani ya kikombe, mashavu yameingia ndani, naye alikuwa anajitazama kwenye kioo huku akijichekea kwa jambo alilolijua mwenyewe. Kifutio aliurudisha mlango taratibu, akaondoka akinyata.

Mpaka hapo hana kosa. Kosa ni kwamba alikwenda moja kwa moja mezani akaichora sura ile. Alichora fizi, alichora mikunjo ya pembeni, alichora ulimi ulivyokaa. Akauweka mdomo huo juu ya uso wa bibi, akacheka peke yake mpaka akajiziba kwa kiganja. Ananiambia kwamba ulikuwa mdomo mzuri kuliko yote aliyowahi kuchora, na hilo ndilo lililomponza. Alilifunga lile jicho dogo, tabaka likajificha, akasema atalifuta kesho. Kesho ikafika akaona uchungu kulifuta. Kwa jina, lilikuwa limeandikwa mdomo mpya wa pili.

Kazi ilikuwa imekwisha na kupelekwa, ndipo mhariri akapiga simu.

"Yule bibi wa ukurasa wa mwisho hachangamki. Nitafutie mcheko mwingine upesi, mtambo wa kuchapa unatusubiri sisi."

Kifutio alikuwa na kazi ya mtu mwingine mkononi, na umeme ulikuwa unakatika na kurudi. Alifungua picha, akauzima mdomo uliokuwepo, akawasha mdomo mpya wa pili, alioukumbuka kuwa ndio mcheko mpana. Kwenye kioo cha kompyuta ukurasa mzima ulikuwa umepunguzwa, uso wa bibi ukubwa wa ukucha. Aliona mdomo uliofunguka, unacheka, akatuma. Jibu lilirudi haraka: "Huyu sasa ana uhai." Alifurahi siku nzima, masikini ya Mungu.

Vitabu vilikuja ndani ya boksi. Alivifungua akiwa amesimama, akapekua hadi ukurasa wa mwisho, akakaa chini. Pale alikuwepo mama mkwe wake ukurasa mzima, kibogoyo, fizi nje, mbele ya watoto wote wanaojifunza kusoma. Alimpigia mhariri, na mhariri akamwambia kwamba shule zimeshapata vitabu vyao. "Kwani kuna tatizo?" Kifutio alisema hakuna. Angeanzia wapi kueleza tatizo lenyewe, na alilichungulia mlangoni?

Kilichomchoma si kitabu. Mwanamke yule alikuwa amemwamini, akamkalia mbele ya macho siku baada ya siku, na hiki ndicho alichokichukua kwake. Na alasiri ile ile kikundi cha kufuma kilikuwa kimealikwa chai kuja kukiona kitabu.

Mtu akishikwa na aibu akili humhama. Kifutio alichukua gundi, akaugandisha ukurasa wa mwisho wa nakala moja na jalada la nyuma. Nakala zilizobaki alizisukuma uvunguni mwa kitanda. Hakujua kwamba mke wake, kabla ya kwenda kazini, alikuwa amechomoa moja boksini yeye akiwa kwenye simu, akanipitishia dirishani bila kuifungua.

Nilikwenda na nakala yangu, nimevaa vizuri. Mke wake alikuwa ameomba ruhusa kazini. Wanawake walijaa ukumbini, magoti yanagusana, na mama mkwe yuko kwenye kiti chenye mto, amenyoosha mguu. Kitabu kilipita mkono kwa mkono. Walisifu miwani, walisifu mtandio, mmoja akasema hata ile pua ameipata. Kifutio alikuwa anapitisha chai yeye mwenyewe, jambo ambalo lingetosha kunitia shaka. Kitabu kilipofika kwangu nikaona kimeisha vibaya, bibi anawaita wajukuu halafu basi.

"Mbona chenu kimekatika?" nikauliza. "Changu kina ukurasa zaidi, na ndio mtamu kuliko zote."

Nikautoa. Nikauonyesha. Kama kuna kidomodomo kilichowahi kupewa nafasi yake duniani, basi ni changu siku ile.

Walicheka kwanza. Kisha mmoja wao akamtazama bibi wa kitabuni, akamtazama mwenzake kwenye kiti, akauliza polepole, "Mbona hapa amekuwa kibogoyo?" Kicheko kikaisha. Binti mtu hakutazama kitabu, alimtazama mumewe. Kifutio alisimama na sinia, na mimi niliyekaa karibu niliona jasho linamshuka nyuma ya sikio. Alitamani ardhi impasukie. Ardhi ya ukumbi ule ni saruji.

"Nipeni," alisema mama mkwe.

Alikipokea kitabu, akakisogeza mbali na macho, akakitazama kwa muda mrefu. Kisha akamtazama mkwewe. Hakukunja uso. Aliweka kitabu mapajani, akachukua leso, akainamisha kichwa, na alipokiinua meno yake yote yalikuwa ndani ya leso. Aliyaweka kwenye kisahani cha chai, mbele yetu. Akatabasamu, mdomo wazi, bila kugusa mtandio, na alikuwa ndiye yule yule wa ukurasa wa mwisho.

"Nilimwambia mwenyewe anichore hivi," alisema, na maneno yalitoka yakiwa mepesi, yenye upepo. "Watoto wa darasa la kwanza wote wameng'oka ya mbele. Nikasema bibi yao naye asiwaringie."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Mmoja alikiri kwamba na yeye ana mawili ya kubandika, mwingine akaonyesha pengo lake. Kila mtu alimwambia Kifutio kwamba amefanya kitu kizuri. Alisema asante. Anasema hakuna neno lililowahi kumuuma kama lile asante.

Wageni tulipoondoka, alibaki mbele ya kiti cha mama mkwe. Akapiga magoti kwenye saruji.

"Mama, nisamehe. Nimekukosea heshima."

Mama alikuwa anasuuza meno yake kwenye bakuli la maji. Aliyavaa kwanza, akayaweka sawa kwa ulimi, kisha akasema, "Inuka, baba. Utaumia magoti kama mimi."

"Mama, siku ile..."

"Siku ile nilikuona kwenye kioo," alisema. "Ukaurudisha mlango. Nilikushukuru sana moyoni. Nilimwambia hata mke wako: huyu mkwe niliyempata ana adabu, ameona na amejifanya hakuona."

Aliomba aletewe vitambaa vyake.

Kifutio aliponisimulia haya, kalamu ilikuwa mezani na macho yake yako kwenye sakafu. Mimi nilirudi kwenye cherehani. Nilishona mshono mmoja mrefu ambao baadaye ilibidi niufumue.

Siku hizi matabaka yake yote yana majina yanayoeleweka, mpaka mke wake anamwambia amezidi. Mhariri ameomba kitabu cha pili. Watoto wamempenda bibi, na sharti ni kwamba awe vile vile, bila meno. Kifutio alitaka kukataa, mama mkwe akasema akubali, kazi ni kazi. Kwa hiyo kila asubuhi Kifutio anakaa pale dirishani, anafungua lile jicho dogo, na mdomo ule unarudi kwenye uso wa bibi.

Goti limepona, lakini mama hajaondoka. Jioni huja kukaa kibarazani kwangu, na amekuwa mtu wa vichekesho ajabu. Anacheka wazi, kichwa nyuma, mara nyingine hata meno amesahau ndani. Mtaa mzima umeshamzoea. Mkwewe akitokea mlangoni, anauvuta mtandio, anaufunika mdomo, na kumwitikia salamu yake kwa upole.