Bibi Yangu Hakufunguliwa Njia

Admin, nifichie jina. Na kama kuna mtu wa shuleni kwetu atanitambua, naomba anyamaze tu.

Nina miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tano, naishi Mchafukoge kwa baba mkubwa wangu. Mimi ni mtu wa aibu sana. Darasani mwalimu akinitaja nijibu, nainamia daftari tu. Kuandika ndiyo naweza, ndiyo maana nimekuja huku.

Aliyenilea ni bibi, mama yake baba mkubwa. Sisi ni Wazaramo. Bibi alikuwa na meza ya kanga Kariakoo, na meza inayofuata ilikuwa ya mama mmoja Mnyamwezi, muuza asali. Nimwite Bi Kashindye. Hao walikuwa watani, kama makabila yetu tangu enzi za misafara ya wapagazi, na tangu nikiwa mdogo nimewasikia wakitukanana kila asubuhi. Bibi anaanza, "Umefika, mpagazi wangu? Haya shusha mzigo, babu zako walichoka." Mwenzake anajibu, "Kumbe Mzaramo umeamka? Ngoma imeisha au wamekufukuza?" Wateja wageni walikuwa wanashtuka. Wao wanacheka mpaka wanashikana mabega, halafu wanagawana chapati.

Bibi alipoanza kuumwa, siku moja namkanda miguu akaniambia, "Nikifa, Kashindye atalala mlangoni anitukane. Mwacheni. Akimaliza mpeni kanga yangu moja, aseme pita. Asiposema, mimi humu ndani sitoki." Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Siku ya mazishi wanaume walikuwa wanateremsha jeneza ngazini, ngazi zetu nyembamba, wanaenda taratibu. Kufika chini wakamkuta Bi Kashindye amejilaza mlangoni. "Wewe Mzaramo mvivu, hata kaburini unataka kubebwa? Mpagazi si mimi, hawa umewaajiri lini? Amka utembee." Wazee wakacheka huku wanafuta machozi. Mimi nilisimama nyuma yao na ile kanga mkononi, nasubiri amalize.

Ndipo akamwonyesha baba mkubwa kwa kidole, bado anasema na bibi. "Na huyu mwanao leo analia nini? Hospitali alikuja?"

Kicheko kikakatika. Jamani, kweli hakuja. Kila muda wa kuona wagonjwa bibi alikuwa anatazama mlango wa wodi, mimi namwambia atakuwa amekwama kwenye foleni ya magari.

Baba mkubwa akamshika mkono Bi Kashindye, akamburuta mpaka barabarani. Jeneza likapita. Kanga nikabaki nayo, na neno la kumfungulia bibi njia halikusemwa.

Kumbe kuna mtu alirekodi. Klipu inaanzia kwenye "Mzaramo mvivu" na kuishia anapoburutwa. Hakuna asubuhi zao za Kariakoo mle, hakuna chapati. Watu wakaandika kwamba ni ukabila, afungwe. Dada mmoja akasema amemzika mama yake juzi, angemsikia mtu anasema vile asingejizuia. Huyo siwezi kumlaumu. Angejuaje?

Baba mkubwa akaenda polisi kushtaki kwamba mama yake ametukanwa na kabila letu limedhalilishwa. Bi Kashindye akalala ndani, sasa yuko nje kwa dhamana na ameambiwa asisogelee familia yetu. Meza yake imefunikwa turubai. Alipoulizwa kama ana shahidi alisema, "Muulizeni mjukuu wake. Mimi na bibi yake yule anatujua."

Kinachonitesha zaidi ni hii sauti ya Bi Kashindye ya kwenye klipu. Wauza simu wameiwekea mdundo. Wiki iliyopita napita mtaa wa vifaa vya simu, jua kali, watu wamejaa, spika ikasema, "Amka utembee." Nikageuka kabisa, kama mtu anayemwangalia bibi yake anakuja. Na nyumbani nikifika pale chini mlangoni napita ubavuubavu, kana kwamba kuna mtu amesimama hapo nisimkanyage. Sijawahi kumwambia mtu hili.

Shuleni tuliandika insha kwa Kiingereza kuhusu uhuru wa kujieleza na mipaka yake. Mwalimu alinisifu. Niliandika kwamba matusi yana mpaka, nikaorodhesha na sheria. Utani sikuutaja hata mara moja. Sikujua Kiingereza chake, na nadhani niliogopa kwamba usingekaa upande wowote, wa uhuru wala wa matusi.

Juzi baba mkubwa aliniita sebuleni. "Jumatatu tunaenda wote kwa afande, wewe bado mtoto, nitakaa na wewe. Utasema mama hakuwa na utani na mtu. Yale mambo ni ya zamani."

"Lakini baba, bibi mwenyewe..."

"Bibi mwenyewe nini? Kusema ni uhuru, sawa. Sasa ndiyo umtukane maiti mbele ya wanangu?"

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Alikuwa ananiulizia?" Nikasema hapana. Nilimwongopea kwa kumhurumia, naye akaniitikia kwa kichwa kama mtu asiyeamini.

Nikisema kweli mbele ya afande, itabidi niseme na kwa nini aliburutwa. Hakuna aliyemgusa Bi Kashindye alipomtukana bibi. Aliburutwa alipouliza swali. Na nitalisema hilo baba mkubwa amekaa pembeni yangu, yeye anayenisomesha, ambaye nina hakika naye halali.

Arobaini ya bibi imekaribia. Bi Kashindye haruhusiwi kufika, na kanga bado iko chini ya mto wangu, inanukia udi wake. Nikifungua mdomo, mimi nitalala kwa nani? Nikiufunga, bibi ataendelea kusimama pale chini mlangoni mpaka lini?

Wakubwa zangu, na nyie wenye watani mnaojua haya mambo, nishaurini kabla ya Jumatatu. Msinitukane tu.