Msikiti wa Mzee Amur

Harub bin Marhoun alizaliwa Malindi, Unguja, na alikuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto alipoiona kwa mara ya kwanza nchi aliyokuwa akiambiwa tangu utotoni kuwa ndiyo kwao. Ilikuwa mwaka 1974. Gari la mizigo liliwashusha karibu na mji wa Ibra, Uarabuni, kwenye kijiji cha babu yake, Mzee Amur, ambaye alifanya biashara ya karafuu Unguja na kila alichokipata akakirudisha huku kwa kujenga. Alijenga nyumba ya ghorofa mbili na sabla, yaani baraza la wanaume, ambamo mambo yote ya kijiji huamuliwa huku vikombe vya kahawa vikizunguka. Alijenga pia msikiti mdogo usio na mnara, pembeni mwa falaji, mfereji unaoleta maji kijijini. Mwenyewe alikuwa ameshakufa zamani, lakini jina lake lilikuwa limechongwa kwenye chokaa, juu ya kibla.

Siku ile ya kwanza Harub aliingia msikitini na vumbi lake la safari, akalisoma jina lile, akalia. Unguja alikuwa ameacha nyumba, duka na makaburi ya wazee wake, na hakuna hata kimoja alichoweza kukirudia. Hapa palikuwa na kitu kilichosema kwamba naye ana kwao.

Nyumba ya babu ilikuwa na wenyewe. Binami yake, Mahrous, aliyezaliwa pale pale kijijini, alikuwa akiishi humo na wanawe. Aliwapokea vizuri, akawachinjia mbuzi, akawapa vyumba viwili vya nyuma. Harub akapata ukarani katika ofisi ya serikali Ibra. Siku za Ijumaa alimchukua binti yake, Ghaniya, akamzungusha kijiji kizima: lango la zamani, mnara wa ulinzi uliobomoka nusu, milango ya nakshi ya nyumba zilizohamwa. Wanakijiji walimwona wakacheka. Wao walikuwa wakikimbilia kujenga nyumba za matofali karibu na barabara, na huyu mgeni anashangaa kuta za udongo!

Mgeni ndilo jina walilompa. Katika sabla Kiarabu chake kiliwachekesha vijana, na kahawa ilimfikia mwisho. Akitoka hapo alikwenda msikitini, akakaa chini ya jina la babu yake mpaka moyo utulie.

Mkewe, Shukriya, hakuwa na pahala kama hapo. Msikiti ulikuwa mdogo, wa wanaume tu. Ramadhani zote aliswali Tarawehe peke yake chumbani, akisikia kwa mbali sauti za watu wakiitikia amina. Hakulalamika, ila Ramadhani ikikaribia alikuwa mchache wa maneno.

Mwishoni mwa mwaka 1982 Mahrous alisimama katika sabla akasema msikiti ubomolewe. "Umechoka," alisema. "Mchwa wamekula magogo ya mitende, udongo unatuangukia tukisujudu. Tujenge mwengine wa saruji, mkubwa, wenye mnara na ukumbi wa wanawake."

Watu wakaitikia. Harub akainuka. "Msikiti ule kajenga babu yangu," alisema. "Nimo hai mimi, haubomolewi."

"Babu yetu," Mahrous alimrekebisha, taratibu. "Na baada ya kila mvua, mwana wa ami, nani aliyepanda juu na ndoo za udongo kuziba dari? Baba yangu, kisha mimi. Wewe ulikuwa wapi?"

Harub alivaa viatu vyake akatoka, na tokea siku hiyo hakutia tena mguu katika sabla.

Nyumbani alimkuta Shukriya akipepeta mchele. Alimweleza yote, akingoja mkewe akasirike pamoja naye. Shukriya aliendelea kupepeta.

"Mbona hunambii kitu?" Harub aliuliza.

"Nikwambie nini, Baba Ghaniya? Wanataka kutuwekea wanawake pahala. Miaka yote hii nnaswali baina ya sanduku na kitanda. Na mie nautaka huo ukumbi."

"Hata weye?"

"Hata mie."

Baada ya hapo walisemeshana yale ya lazima tu. Ghaniya alipeleka chakula huku na huku, akijitahidi kuongea kwa ajili ya wote watatu.

Kijiji kikahamia kuswali uwanjani chini ya turubai, kikingoja mafundi. Harub peke yake aliendelea kuingia msikitini. Shukriya alimwambia, "Dari lile litakuua," naye akajibu, "Basi litakuwa limeniua kwetu."

Mvua zilianza baada ya mwaka mpya, nzito, mpaka wadi, lile bonde kavu la mto, likajaa maji na barabara ya Ibra ikafungwa. Siku ya tatu zilipopungua kidogo, baada ya alasiri, Harub alichukua ngazi na ndoo ya udongo. Kazi hiyo hakuwahi kuifanya maishani mwake. Ghaniya alimwona akipanda juu ya msikiti, akakimbia kumwita mama yake. Shukriya alitoka bila viatu. Alipofika kwenye mfereji alisikia mlio mzito, na pale alipokuwa amesimama mumewe pakabaki vumbi, katikati ya mvua.

Kabla ya mtu yeyote, Mahrous alikuwa ameshaingia. Kuta zilikuwa bado zinamong'onyoka na watu wakimpigia kelele atoke, lakini alifukua kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu, akiita, "Mwana wa ami, nijibu! Nijibu, ndugu yangu!" Walimkuta Harub amelaliwa na gogo kwenye nyonga, hai, mdomo umejaa udongo. Mahrous alimpakia nyuma ya gari lake, akavuka wadi mahali ambapo siku hiyo hakuna dereva mwengine aliyethubutu. Shukriya alikaa nyuma amekipakata kichwa cha mumewe, akakifunika kwa buibui lake.

Harub alikaa hospitali miezi mingi. Aliporudi alitembea kwa mikongojo, na kazi ya ofisini ikawa imekwisha. Mahrous alikuja chumbani kwake, akakaa chini, akasema ukuta wa kibla umesalia na jina la babu halikuguswa. Watauacha kama ulivyo, msikiti mpya ujengwe upande wa pili wa mfereji.

"Ubomoeni," alisema Harub.

"Nini?"

"Ubomoeni wote. Nimechoka nao."

Mahrous hakumtii. Ukuta ukabaki umesimama peke yake, mbuzi wakijikinga jua chini yake, na Harub akawa anapita njia ndefu ili asiuone.

Msikiti mpya ulifunguliwa Ramadhani ya mwaka 1985. Mahrous alipitia kumchukua kwa gari. Harub akasema mguu unamuuma. Shukriya alisimama mlangoni na kanga yake ya kuswalia, hajui aende au abaki, mpaka mumewe alipomwashiria kwa mkono kwamba aende.

Ukumbi ulikuwa na zulia jipya na feni darini. Wanawake walimpisha mstari wa mbele, kwa heshima ya yaliyowafika. Aliswali rakaa zote, lakini alipotoa salamu hakuweza kukumbuka imamu alisoma sura gani.

Aliporudi, Harub alikuwa macho.

"Mlikuwa wengi?" aliuliza.

"Wengi."

"Pahala panatosha?"

"Panatosha."

Harub aliitikia kwa kichwa, akamwomba amsaidie kugeukia upande wa pili. Shukriya akamgeuza, akaiweka sawa mito chini ya nyonga, kisha akakaa kitandani pale pale.