Kopo Nyuma ya Kibanda cha Chai

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kibanda cha chai nje kidogo ya Geita liliposimama basi dogo la watalii. Kiongozi wao alitangaza mapumziko mafupi. Wenzake wakiagiza chai, mama mmoja wa Kizungu alitoa kifaa kama redio ndogo, akakikazia macho, akaelekea kwenye mawe nyuma ya kibanda.

Mzungu, kifaa, mawe! Huku kwetu hayo yanatosha. Wachimbaji wa dhahabu waliokuwa kibandani waliacha vikombe wakamfuata, na kabla hajainama kila mmoja alikuwa ameshachomeka kijiti kudai eneo lake. Nami, sitadanganya, niliinuka.

"Hapa pangu!"

"Nimewahi mimi!"

Mama akapenyeza mkono chini ya jiwe, akatoa kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na kifungo cha koti na kigari cha kuchezea.

"Dhahabu iko wapi?" akauliza mchimbaji aliyechomeka kijiti cha kwanza.

"Ni mchezo," kiongozi akajibu. "Rafiki yake alilificha alipopita mwaka jana, na hicho kifaa kinamwonyesha lilipo. Anayelipata anachukua kitu, anaacha kitu, analirudisha."

"Mayo wane!" mchimbaji akamaka kwa Kisukuma. "Mama yangu! Amepanda ndege kufuata kopo?"

Yule mama akachukua kifungo, akaacha kibanio cha nywele. Mchimbaji akajipapasa mfukoni, akatia kijiwe cheupe. "Mwambie, atakayekuja kulitafuta aanze kwa kunisalimia."

Jana nilipita tena. Vijiti vimeng'olewa, kopo lipo chini ya jiwe lake. Huku tunakochimba hadi chini ya vitanda vyetu, hicho ndicho kitu pekee ambacho kila mtu anajua kilipo, na hakuna anayekifukua.