Mpira Ulioanguka Kati Yangu na Mama Mdogo

Mama mdogo alinizidi darasa moja tu. Ni mtoto wa mwisho wa bibi, alizaliwa kule Puge wakati mama yangu ameshaolewa na anakaribia kunipata mimi. Aliletwa kwetu Isevya asome, tukawa tunalala kitanda kimoja na kuazimana sketi za shule. Lakini alikuwa mama. Asubuhi nilimpigia goti na kumwamkia, naye aliitikia marahaba kabla hajanawa uso. Tukipewa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, alichagua yeye kwanza. Kisha, mama akigeuka, alinisogezea kipande kikubwa kuliko vyote.

Mwalimu wa michezo alituchagua wote wawili kwenye timu ya mpira wa wavu. Uwanja ulikuwa nyuma ya madarasa, kwenye mchanga. Mistari tulichora kwa majivu ya jikoni. Wavu alitusukia baba wa mwenzetu mmoja kwa kamba za kufungia tumbaku, nao ulilegea katikati kila tulipomaliza kuukaza.

Mwalimu alifundisha taratibu za mchezo, na mimi napenda kufundishwa taratibu. Tuko sita uwanjani, watatu mbele na watatu nyuma. Anayeanzisha anasimama nyuma ya mstari wa mwisho, na haukanyagi kabla ya kupiga. Mpira ukija upande wetu tunaruhusiwa kuugusa mara tatu, kisha uvuke wavu. Mtu mmoja haugusi mara mbili mfululizo. Ukiangukia mstari, umeingia. Ukigusa wavu wakati unacheza mpira, umekosa. Tukiwanyang'anya wapinzani zamu ya kuanzisha, wote tunasogea nafasi moja kama mshale wa saa unavyokwenda.

Hayo niliyashika. Hata pasi ya chini niliishika, ile ya kuunganisha mikono na kukunja magoti ili mpira utue juu kidogo ya vifundo vya mikono. Ngozi iliwaka siku za mwanzo, baadaye ikazoea.

Kilichonishinda ni neno moja. Mpira ukija kati ya watu wawili, alisema mwalimu, anayeutaka apaze sauti, "Wangu!" na mwenzake ampishe. Mimi nilisimama nyuma katikati, mama mdogo nyuma kulia. Mpira wa kwanza ulipokuja kati yetu, nilingoja mkubwa auchukue. Yeye akangoja auchukue mtoto, maana kitu kizuri alizoea kunibakizia. Ukatua mchangani. Tukautazama.

"Nyie wawili!" mwalimu akasema. "Mnakaribishana chai?"

Timu nzima ikacheka. Nikajitetea kwa sauti iliyoishia kwenye meno.

"Sijasikia," akasema mwalimu.

"Anasema mimi ni mama yake mdogo," mama mdogo akanisemea.

"Mkifika nyumbani. Humu ndani ya majivu hakuna mama, kuna wachezaji."

Tulimwelewa, lakini miguu haikuelewa. Mpira uliendelea kuanguka palepale. Tulipomaliza zoezi la mwisho kabla ya kwenda kucheza na shule moja ya Mtendeni, mwalimu hakutania tena. "Kesho ukianguka kati yenu, namtoa mdogo," akaninyoshea kidole. "Na simrudishi."

Mama mdogo alikuwa darasa la saba. Akimaliza mtihani, bibi alikuwa anamtaka arudi Puge wakalime naye. Kwa hiyo mechi ya Mtendeni ilikuwa ya mwisho kwetu sisi wawili. Kushinda sikukufikiria sana. Nilitaka tu nimalize mechi ile nikiwa kando yake.

Jioni tukiosha vyombo akaniambia, "Haya, sema wangu."

"Wangu."

"Hata hili sufuria halijasikia."

"Wangu!"

"Kwa hiyo sauti nani atakupisha, kifaranga?"

"Naogopa, mama mdogo. Ni kama nakufukuza."

Akanirushia povu usoni. "Si unifukuze basi! Mara moja tu, nitakusamehe."

Kule Mtendeni seti ya kwanza walichukua wao, ya pili tukachukua sisi. Katika ya tatu wenyeji walishatuona tulivyo: kila mpira ulipoelekea kati yetu tulitazamana, hadi mwenzetu mwingine akimbilie kuuokoa. "Wapelekeeni wale wanaoamkiana!" msichana mmoja wa kwao akapiga kelele, na watoto pembeni ya uwanja wakaanza kutuitikia, "Marahabaa!" Nikamtazama mwalimu. Mtoto wa akiba alikuwa ameshasimama kando yake, anafunga kamba za raba.

Wakaanzisha. Mpira ulikuja polepole, ukashuka katikati yetu kama walivyotaka. Nikasikia mtu anapaza sauti, "Wangu!" Nilikuwa mimi. Na mama mdogo, ambaye naye alikuwa ameamua asinibakizie tena kitu, akapaza yake, "Wangu!"

Hakuna aliyempisha mwenzake. Tulifika pamoja, mikono minne chini ya mpira mmoja, paji langu la uso likagonga lake. Tukakaa chini mchangani. Mpira ulipanda juu, mwenzetu wa mbele akajiweka tayari kumwinulia mpigaji.

"Usipange! Umebaki mmoja!" nahodha akamkemea. Alikumbuka kuwa wawili wakiugusa pamoja huhesabiwa miguso miwili. Akaruka mwenyewe, akausukuma kwa vidole juu ya wavu hadi kwenye kona ya nyuma, mahali ambapo Mtendeni hawakuwa na mtu. Refa akaonyesha kwa mkono kwamba umeingia.

Nikageuka kumtazama mwalimu. Alikuwa anamrudisha mtoto wa akiba akakae.

Seti ile Mtendeni walikuja kuichukua, tena kwa haki. Lakini dakika ile mimi nilikuwa bado nimekaa mchangani, nimeshika paji la uso, na mama mdogo ameshika lake.

"Wewe," akasema, "unanipigia kelele mimi?"

"Na wewe umenipigia."

"Mimi ni mama yako!"

"Basi ungenipisha," nikasema, kwa sauti ambayo hata watoto wa pembeni waliisikia.

Alicheka mpaka akalala chali kwenye mchanga, na refa ikabidi apulize filimbi mara ya pili kutuinua.