Chumba cha Vipolo vya Mchele

Mume wangu alipofariki nilibaki peke yangu katika nyumba yetu ya Ilford, pembeni mwa London. Binti yetu alikuwa ameshaolewa mji mwingine, na simu zake zilikuwa za Jumapili. Asubuhi nilikwenda kuwaogesha wazee wa watu katika nyumba ya kutunzia wazee. Nikirudi, nilipika kidogo na kula nimesimama jikoni. Kukaa kitako na kula peke yangu kulinishinda.

Nikaamua kupangisha chumba cha chini. Aliyekuja alikuwa mwanamke wa Kihindi wa makamo, nywele fupi, sari ya pamba na viatu vya mvua. Akasema yeye ni mchongaji, amealikwa London kutengeneza kitu cha maonyesho. Nilitazama mizigo yake nikitafuta patasi na nyundo. Alikuwa na begi moja la nguo.

"Sasa unachonga nini, dada?" nilimuuliza, kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga.

"Natumia walichonacho watu wa mahali nilipo. Kwetu ni udongo, mabua, mavi ya ng'ombe. Hapa bado sijajua."

Akawa anazunguka madukani kutwa. Siku moja akarudi amekumbatia vipolo vitupu vya mchele wa basmati, vile vifuko vya kitambaa vyenye picha na vishikio, vilivyotupwa na wenye maduka. Kesho yake vikaongezeka. Akavifumua, akaanza kuviunganisha kwa sindano viwe kuta za chumba. Nyumba nzima ikanuka mchele mkavu. Mimi nilikuwa sina la kufanya mchana, nikachukua sindano na kukaa sakafuni karibu yake.

Tulishona wiki nyingi. Mchana mmoja punje chache zikanidondokea mapajani kutoka kwenye mshono. Nikajikuta nasimulia namna marehemu alivyokuwa akileta polo la mchele begani kutoka dukani, na mgongo wake mbovu, hataki kusaidiwa hata na jirani.

"Na sasa nani anakubebea?" akauliza.

"Hakuna wa kubeba. Sinunui polo tena. Nanunua kilo."

Hakunipa pole. Alinitungia uzi sindanoni akanirudishia, na machozi yakanitoka huku nikishona.

Maonyesho yakafunguliwa katika ghala la zamani karibu na mto. Nilimwomba binti yangu aje. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ni mbali, na vile ni vifuko vya mchele tu. Nikavaa buibui langu jipya, nikapanda basi.

Chumba chetu cha vipolo kilikuwa kimening'inizwa kwa waya, taa ndani yake, mlango mfupi wa kuinama. Niliingia. Mwanga ulikuwa kama chai ya maziwa. Nikatafuta mishono yangu nikaiona, nikaigusa, na kijana mlinzi akaniomba kwa adabu nisiguse. Nikaondoa mkono. Mchongaji mwenyewe alikuwa amezungukwa na wageni wenye glasi mikononi. Nilisubiri anione, hakuniona, nikarudi nyumbani.

Maonyesho yalipokwisha nilimuuliza vipolo viko wapi.

"Vimekwenda jaani," akasema. "Vilitoka huko."

"Vyote?"

"Vyote. Dada, chakula kikishaliwa, unakiweka?"

Nilihisi nimefiwa mara ya pili, na nikaona haya kuhisi hivyo kwa ajili ya vitambaa. Tulikunywa chai. Wiki iliyofuata akafunga begi lake akarudi kwao Gujarat, India.

Alinipigia mara moja tu, siku ya Idi. Laini ilikuwa mbaya, sauti yake ikija na kupotea. Akaniuliza kama kuna mtu nyumbani. Nikamwambia yupo binti yangu, kaja na mumewe, wamelala.

"Vizuri," akasema. "Kwangu pia kumejaa watu."

Nyuma yake sikusikia mtu, wala nyuma yangu hapakuwa na mtu. Tukabaki na simu masikioni, kila mmoja akisikia pumzi za mwenzake, mpaka kadi yake ya simu ikaisha.