PDF ya harusi ya dada yangu ilivyokataa kumpokea Senje

Wakuu, poleni na majukumu. Hii ni ya kwetu Kakamega na sijaongeza chumvi. Dada yangu yuko humu jukwaani, nikidanganya atanianika.

Kwetu mimi ndiye "mtu wa computer", kisa niliwahi kuwawekea watu WhatsApp. Hicho cheo ukipewa, kikatae.

Sasa, harusi ya dada ni kesho. PDF ya programu ikatumwa kwa group ya familia. Makofi, maua, amen kibao. Halafu Senje Rispa, dada ya baba, akapiga simu kutoka Shianda.

"Nimesoma hiyo kitu yenu mpaka mwisho. Mimi siko ndani. Basi muwe na harusi njema, nabaki na kuku zangu."

Jamani!

Senje ndiye alimlea dada tangu mama atuache. Na huku kwetu senje ndiye humpa bibi harusi mawaidha mbele ya watu, maneno yake hungojwa kuliko keki. Kamati ilisahau tu kumwandika, wala si ubaya.

Dada akaanza kulia. "Bila Senje sitoki kwa nyumba."

Macho yote yakanigeukia. Nami kwa madaha, "Aah, hiyo ni kazi ya dakika tu."

Wueh!

Nikaifungua kwa Word. Picha ya maharusi ikaruka ikakalia maombi ya pastor, bwana harusi akabaki bila kichwa. Nikaenda website fulani ya bure, ika-edit vizuri kabisa, kumbe imegonga muhuri wake katikati ya kila ukurasa. Nikashusha app. Hiyo nayo font haina, nikiandika Senje inaleta viboksi viboksi.

Nikamtafuta aliyeitengeneza, rafiki ya shemeji. Laptop yake imekufa na original iko ndani. Nilitamani kulia na dada.

Nikakimbilia cyber hapa Shirere, mwenyewe alikuwa anataka kufunga. Nikachora boksi jeupe, nikafunika mahali palipoandikwa "Burudani", nikaandika ndani kwa herufi nene: MAWAIDHA YA SENJE RISPA.

Shida ni kwamba karatasi yote ni rangi ya krimu na maua maua. Hilo boksi lilikaa kama plasta kwa paji la uso. Tukaprint hivyo hivyo.

Nikampigia Senje kumwambia sasa yuko kwa programu. "Nitakuja nione na macho yangu."

Asubuhi huyo hapo, kitenge kipya, ingokho kwapani, jogoo mzima. Akapewa programu, akavaa miwani. Mimi nikajificha nyuma ya tenti.

Nikasikia vigelegele!

"Oneni! Hawa wengine wote wameandikwa tu. Mimi nimejengewa nyumba!"

Nilicheka mpaka machozi. Alipoongea, dada alilia tena, lakini kwa furaha. Na yule jogoo nikapewa mimi.

Nilichojifunza: kabla mtu hajakutumia PDF, mwombe original kwanza. Na usiseme "dakika tu" mbele ya bibi harusi.

Sasa wataalamu, mnaoedit PDF bila kuacha plasta mnafanyanga aje? Nisaidieni haraka. Mjomba anamwoza binti yake karibuni, na ameshanivuta pembeni kuniuliza mbona jina lake halikujengewa nyumba.